Mashine ya Mtu wa Chini

Jumatatu, tarehe 2/6

Matone saa moja asubuhi. Jicho la kulia mawili, la kushoto mawili. Saa sita mchana tena. Saa kumi tena. Bado ya jioni.

Nesi alisema niandike kila nikimtia, ndiyo maana limenunuliwa daftari. Ng'wandu haoni vizuri, mke wake Mama Holo hajasoma. Kwa hiyo karani ni mimi Masanja, darasa la nne, niliyetimuliwa shule kwa kuuza karanga mwalimu akiwa anafundisha. Matone yanakula mistari minne. Ukurasa ni mkubwa. Nitaandika na mengine. Hapa hakuna wa kusoma.

Ng'wandu ni mwenzangu wa msumeno. Miaka kumi na saba tunapasua mbao kwa mikono, Bariadi hii yote, mpaka Mkula. Gogo linalazwa juu ya shimo. Mimi nasimama juu ya gogo, yeye anasimama ndani ya shimo. Mimi nauvuta msumeno juu, yeye anauvuta chini. Vumbi lote linashuka kwake.

Wapasuaji wengine wanapokezana. Sisi hapana. Watu wakiuliza nasema Ng'wandu ana kope kama za ndama, zinachuja. Wanacheka. Na yeye anacheka. Leo wakati namtia dawa nimeziona kope kwa karibu. Zimebaki chache.

Jumatano, tarehe 4/6

Hospitali. Daktari wa macho ni kijana mpole. Kammulika Ng'wandu muda mrefu, halafu kamtuma chumba kingine akapimwe, Mama Holo akamshika mkono. Mimi nikabaki.

Daktari akasema macho yote yana makovu kwenye kioo cha mbele. La kulia limekaribia kuisha. Akasema vumbi la mbao linaumiza, lakini haliunguzi hivi. Akauliza kazi yenu mnaifanyaje, toka mwanzo.

Nikamwelezea. Nikafika kwenye mstari. Kabla ya kupasua, unachovya kamba kwenye kitu cheusi, unaivuta juu ya gogo, mwenzako anashika kule, unaipiga, inaacha mstari. Msumeno unafuata pale. Akauliza hicho cheusi ni nini. Nikamjibu kwa kujisifu. Nikasema wenzetu wanatumia mkaa, lakini mimi niligundua betri. Betri za redio zilizokufa. Unazipasua, unachukua ule unga mweusi wa ndani, unakoroga na maji. Mstari unakolea, hata mvua haiufuti.

Akaacha kuandika. Akasema ule unga ukiingia jichoni unaunguza. Kidogo kidogo, kila siku. Akasema tuache na nimweleze mwenzangu. Nikasema sawa daktari.

Nje Ng'wandu akauliza, "Kasemaje?"

Nikasema, "Kasema macho yako mazuri, tatizo ni sura."

Akacheka mpaka akakohoa. Mama Holo naye kacheka. Mimi nimecheka zaidi yao. Sijamwambia.

Alhamisi, tarehe 5/6

Matone mara nne.

Betri nilianza mwaka aliozaliwa Holo. Holo yuko darasa la saba. Nimelifikiria leo shambani, jembe mkononi. Msumeno unafuata mstari. Unautafuna mstari. Ule weusi wote unakwenda chini na vumbi. Jambo la kawaida kabisa. Mtoto angeliona. Mimi nilikuwa juu, nikiangalia mstari wangu umenyooka.

Jioni alipokuwa akitoka shimoni uso mweusi, nilimwita fundi gereji. Kila jioni. Miaka yote hiyo utani ule ule.

Jumapili, tarehe 8/6

Baada ya ibada watu wamenizunguka. Masanja sasa utavuta na nani? Nikasema na mke wangu, Minza, yeye ananivuta siku zote. Wamecheka sana. Nikaangalia nikamwona Ng'wandu amesimama peke yake kwenye jua, anageuza kichwa kutafuta sauti yangu.

Nimemsindikiza nyumbani. Nikamwambia tutanunua mashine ya kupasulia. Akasema ya nini, mimi mstari siuoni. Nikasema mashine haina mstari. Nilisema tu, mdomo wangu unatangulia. Halafu nikafikiri. Ni kweli haina mstari. Unapanga unene, unasukuma. Basi.

Nimekwenda nyuma ya zizi nimevunja kopo la unga wa betri, nimefukia.

Jumanne, tarehe 10/6

Nimeshinda dukani kwa Bwana Suleimani pale mjini. Anauza mabati na misumari, ila anaweza kukuagizia hata treni. Katoa simu, kanionyesha.

Ya kwanza ni chenso, msumeno wa mnyororo, iliyofungwa kwenye fremu. Nafuu. Lakini mnyororo wake ni mnene, kila ukipasua unageuza mbao nzima kuwa vumbi. Vumbi sitaki kulisikia.

Ya pili ya umeme, kubwa, inakaa sehemu moja. Magogo ndiyo yaifuate. Na umeme wenyewe unajua kukatika wakati nimeingiza gogo katikati.

Tatu ni hizi ndogo za msumeno wa mkanda. Mkanda wa chuma wenye meno unazunguka kwenye magurudumu mawili, injini ya petroli juu. Yote inakaa kwenye reli, unaisukuma kwa mikono, gogo limelala limetulia. Inafunguliwa vipande, inabebwa kwenye guta la matairi matatu mpaka nyumbani kwa mwenye mti. Vumbi kidogo. Hiyo ndiyo yangu. Sasa nazo ziko za aina nyingi.

Suleimani anataka nichukue yenye kioo cha namba. Unabonyeza, inashuka yenyewe.

"Masanja, hii hata mjinga anaitumia."

"Ndiyo maana umenifikiria mimi."

Nikamuuliza mtu anajuaje unene bila kuangalia kioo. Akasema kwa nini asiangalie? Nikasema tuseme anaongea na simu. Akarudisha simu mfukoni.

Ijumaa, tarehe 13/6

Mwanza. Nimetoka na basi la alfajiri, nimefika yadi ya mashine wanafungua. Binti wa mauzo, mchangamfu, kanizungusha.

Nimefumba macho kwenye kila mashine.

Yenye kioo: kioo ni kioo. Ukipapasa ni kama paji la uso la mtu. Hakisemi kitu. Nyingine ina rula imechorwa rangi pembeni. Rangi haishikiki. Nyingine ina mkono wa kuzungusha lakini unazunguka laini kama baiskeli mpya, hujui umefika wapi.

Binti kavumilia, halafu kauliza, "Baba, unasali?"

Nikasema, "Namwomba Mungu apunguze bei."

Pembeni kulikuwa na moja ina vumbi. Akasema hiyo ya zamani, watu hawaitaki. Mkono wake wa kuzungushia umepita kwenye sahani ya chuma yenye matundu. Kila ukifika kwenye tundu, pini inadumbukia. Tak. Unaisikia, na mkononi unaihisi. Tundu moja ni robo inchi. Nikafumba macho. Matundu manne, inchi moja. Nane, inchi mbili. Nikamwambia binti apime na futi. Sawa. Nikarudia. Sawa. Mara ya tatu sawa, na safari hii nilikuwa naongea naye habari za kwao Magu.

Inaingiza gogo la inchi ishirini na mbili. Mikaratusi na mijohoro ya kwetu inatosha. Injini ya kuwasha kwa kuvuta kamba. Kaniambia nisinunue mkanda mmoja, ninunue kumi, kwa sababu huku kwetu hakuna wa kuunoa vizuri. Kanifundisha kuukaza. Kanifundisha kuulegeza jioni usije ukapasuka.

Machozi yalinitoka pale pale. Nikamwambia vumbi.

Jumatatu, tarehe 16/6

Nimeuza ng'ombe, pesa ya mashine. Minza hanisemeshi. Chakula ananiwekea, salamu hapana.

Matone mara nne. Ng'wandu anauliza mashine ina rangi gani. Nyekundu. Akasema nyekundu bado anaiona kwa mbali, jicho la kushoto.

Jumatano, tarehe 25/6

Imefika. Lori limeishusha barabarani, tumeileta kwa mkokoteni wa ng'ombe, mtaa mzima nyuma yetu kama tumeoa. Nimesawazisha reli kwa mpira wa bomba wenye maji, wa kupimia usawa, mchana kutwa.

Ng'wandu kaipapasa yote. Kaanza na reli, kapanda kwenye magurudumu, kashika injini, kaingiza kidole kwenye matundu. Kama mtu anayenunua dume mnadani, anaangalia meno, anaangalia miguu.

"Jike au dume?" kauliza.

"Dume. Linakunywa petroli."

"Basi halizai. Umepigwa."

Watu wamecheka wee. Safari hii alinipiga yeye.

Jumamosi, tarehe 28/6

Gogo la kwanza. Mjohoro wa pale nyumbani kwake, kibali tumepewa. Nimemvalisha miwani ya kuziba na kitambaa. Yeye kwenye mkono wa unene, mimi nasukuma. Tak, tak, nane. Anarudia kuhesabu kwa Kisukuma chini chini. Ubao ukatoka. Akaomba aushike. Kapitisha kiganja toka mwanzo mpaka mwisho, kageuza, kapitisha tena. Akasema huu ubao hauna kosa.

Tumetoa kumi na moja. Zote sawa.

Tulipokaa kula alinishika bega, akanishukuru kwa Kisukuma, rafiki kwa rafiki. "Wabeja, nkoi. Mtu mwingine angetafuta mwenzake mwingine."

Ugali umenishinda.

Jumatatu, tarehe 7/7

Kazi nyingi. Watu wanajenga baada ya pamba, wanataka mbao za kenchi za paa. Tumekwenda na guta mpaka nje ya mji, siku tatu. Ng'wandu kanenepa. Anawaambia watu mimi ndiye fundi, Masanja ni msukumaji.

Nimemwambia Minza. Yote, betri na daktari. Nilitaka aseme si kosa langu. Alikuwa anapepeta choroko. Hakuinua kichwa.

"Umetoa ng'ombe wa faini, mwenye kesi hajui kama kuna kesi."

"Nitamwambia."

"Utamwambia kwa utani."

Imeniuma. Mwezi na zaidi nalala nayo na kuamka nayo. Kila asubuhi nasema leo. Halafu nafika, anasema mwangaluka Masanja, anacheka kabla sijafungua mdomo. Ananisubiri nimchekeshe. Na mimi namchekesha.

Jumamosi, tarehe 12/7

Matone mara tatu. Ya saa kumi nimesahau, tulikuwa kazini. Naandika kwa sababu nesi alisema usidanganye kwenye daftari.

Jumatano, tarehe 16/7

Hospitali. Safari hii daktari hakumtoa Ng'wandu nje. Kamulika. Akasema la kulia limekwisha. La kushoto litabaki na mwanga, kujua mchana na usiku, na kivuli cha mtu. Akasema pole. Ng'wandu akasema asante.

Halafu daktari akamuuliza yeye, si mimi. "Ule unga wa betri mmeuacha?"

Aliuliza vizuri tu. Alidhani nilishamwambia.

Nilimwangalia Ng'wandu. Uso haukubadilika. Akaweka mikono magotini. Akasema, "Tumeuacha, daktari."

Daktari akaeleza tena jinsi unavyounguza. Ng'wandu anaitikia ndiyo, ndiyo. Mama Holo alikuwa ananiangalia. Sina pa kujificha kwenye chumba kile, ni kidogo.

Tumerudi na bodaboda mbili. Yeye na mkewe, mimi peke yangu.

Alhamisi, tarehe 17/7

Nimekwenda asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje. Hakusema mwangaluka. Nikakaa chini. Nikasema yote. Sijatia utani hata kidogo. Ilikuwa kama kuongea kwa mdomo wa mtu mwingine.

Akasema, "Mimi nilijua ule unga unawasha toka siku ya kwanza. Mkaa ulikuwa hauwashi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umeufurahia. Ulikuwa unamwonyesha kila mtu."

Nilikaa pale. Kuku walikuwa wanapita kati yetu. Nikafikiri labda imekwisha, labda ananisamehe. Akauliza, "Wewe umejua lini?"

"Mwezi wa sita. Siku ile ya hospitali."

"Siku ile nilikuuliza kasemaje."

"Ndiyo."

"Ukaniambia tatizo ni sura."

"Ndiyo."

"Na mimi nikacheka." Akarudia. "Gete, kweli kabisa, nilicheka sana siku ile."

Mama Holo akatoka akamshika mkono, wakaingia ndani. Nilibaki na kuku.

Ijumaa, tarehe 18/7

Hakuja. Nimekwenda, Mama Holo kasema amelala. Saa nne asubuhi. Ng'wandu hajawahi kulala saa nne asubuhi.

Matone anamtia Holo sasa. Mimi sijaambiwa niache. Nimeona tu.

Jumatatu, tarehe 21/7

Ameondoka. Amekwenda Bukundi kwa dada yake. Kapanda gari la jana mchana, mimi nikiwa kanisani namngoja kwenye benchi letu. Mama Holo kabaki na watoto kwa sababu ya shule. Nimemuuliza atarudi lini. Akasema, "Hakusema. Kwani wewe ulimwambia lini?"

Mama Holo hajawahi kunijibu hivyo toka tujuane.

Miwani yake ya kuziba iko kwenye kisanduku cha mashine. Kitambaa nimekifua, nimekianika, nimekikunja. Sijui nimpelekee nani.

Ijumaa, tarehe 25/7

Nimepiga simu. Haijapokelewa. Nimepiga ya dada yake. Kasema kaka yuko salama, anakula, anasokota kamba za katani, watu wa mnadani wanazinunua. Anazisokota bila kuona, kasema dada. Nikasema anaweza kuongea? Kasema ngoja. Nimengoja. Karudi kasema anapumzika.

Mara ya kwanza maishani naongea na simu dakika tano bila kumchekesha mtu.

Jumatano, tarehe 30/7

Napasua peke yangu. Inawezekana. Suleimani alisema hivyo hivyo, mtu mmoja anatosha. Unazungusha, unasukuma, unarudisha, unatoa ubao, unazungusha. Sijafumba macho, natazama matundu yote. Leo nimekosea hesabu mara mbili.

Mwenye mbao, mwalimu mmoja mstaafu, kakaa kando ananiangalia. Kasema mbona Masanja siku hizi umetulia, unaumwa? Nikasema nimeokoka. Kacheka. Mimi sikuwa nimekusudia kumchekesha. Limetoka lenyewe.

Minza ananisemesha sasa. Leo kaniletea maji kazini, kakaa mpaka nimemaliza gogo. Hajasema, "Si nilikwambia?"

Jumapili, tarehe 10/8

Nimekwenda Bukundi. Njia mbovu. Nimefika saa saba mchana. Ng'wandu alikuwa uani, kamba inapita kwenye vidole vya miguu yake, anasokota. Dada yake akasema kuna mgeni. Akauliza nani. Nikasema mwadila. Mikono ikasimama.

Akaitikia. Akamwambia dada yake aniletee kigoda. Tumekula wali na mlenda, na samaki mkavu. Kauliza habari za Minza. Kauliza pamba. Hakuuliza mashine. Sikuitaja. Nilimwambia nimekuja kusema pole, siku ile sikuisema. Nilisema mambo mengi, pole sikuisema.

Akasema, "Nimesikia."

Siyo nimekusamehe. Nimesikia. Nimeligeuza neno hilo kichwani njia nzima ya kurudi.

Alhamisi, tarehe 14/8

Nilikuwa napasua mkaratusi wa mwalimu. Simu ikatetemeka mfukoni. Ng'wandu. Nimepokea haraka, injini sijazima.

"Unapasua nini?"

"Mkaratusi."

Akanyamaza. Nikafikiri mtandao umekatika. Nikaangalia simu, dakika zinatembea. Alikuwa anasikiliza.

"Mkanda umechoka," akasema. "Unalia. Badilisha."

Utani ulikuja mdomoni, mzuri kabisa. Nimeuacha. Nikasema sawa.

Akakata.

Nimezima injini. Nimebadilisha mkanda, nimeukaza. Nimekaa kidogo juu ya gogo. Halafu nimewasha, nimemalizia ubao ule, na nyingine sita.